Sauti kutangulia mdomo kwenye laivu ya harusi

Hiyo sauti kutangulia mdomo kwenye laivu yako, tatizo sio spidi ya intaneti kaka, ni saa za vifaa. Kamera zako mbili na mikisa ya sauti kila moja inahesabu muda kivyake, hata uhamie fiba sauti itaendelea kutangulia. Kwenye RTP (njia ya kutuma video na sauti mtandaoni) video inahesabiwa tiki, yaani mapigo ya saa, 90,000 kwa sekunde, sauti mara nyingi 48,000, na kila moja inaanzia namba ya kubahatisha so huwezi kuzilinganisha hivi hivi, kinachoziunganisha ni ripoti za RTCP (zinazoenda sambamba na RTP) zinazosema tiki fulani ni sawa na saa fulani ya kweli, na saa ya kifaa ikiwa imepotea basi ripoti nayo inadanganya tu. Weka vyote vifate seva moja ya NTP (ya kulinganisha saa za vifaa), laptop hapo hapo ukumbini inatosha. Mi narusha harusi huku Mtwara mpaka Masasi na ndo naanzaga hapo. ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) wanasema mtu anaanza kushtuka sauti ikitangulia kama milisekunde 45, ikichelewa anavumilia hadi 125 hivi. Ila kama unatuma kwa RTMP (njia nyingine ya kurusha laivu), hiyo haina RTCP, so piga makofi mara moja mbele ya kamera zote halafu rekebisha dilei kwa mkono mpaka mlio uendane na picha.