Baba akisimama macho yanaingia giza

SWALI: Baba yangu ana miaka 68. Alipata kiharusi wiki tatu zilizopita, upande wa kulia umelegea. Akiwa amelala presha ni 134/80, lakini tukimsimamisha asubuhi macho yanaingia giza na jasho la baridi linamtoka. Shangazi anasema tumwache kitandani hadi apate nguvu. Tufanyeje?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Kipimo cha kulala pekee hakiwaambii yote. Alale kimya dakika 5, mpimeni mkono wa kushoto, ule mzima, ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Msivue ukanda wa mashine. Asimame akishikiliwa, mpimeni tena dakika ya 1 na ya 3. Akishindwa kusimama, apimwe akiwa ameketi. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, basi presha inaanguka. Mathalani 134/80 ikawa 108/68. Kwa mgonjwa wa kiharusi hilo ni zito: mishipa ya ubongo uliojeruhiwa haijirekebishi vizuri, hivyo presha ikishuka, damu hupungua palepale penye jeraha.

Shangazi ana huruma, ila kulala mchana kutwa humzidishia, maana mwili unasahau kukaza mishipa. Mwinueni polepole. Kwanza kichwa na mgongo viegemee mito, dakika chache. Kisha aketi ukingoni, nyayo zote sakafuni, apandishe na kushusha nyayo mara 20 (mguu dhaifu msaidieni). Asubiri dakika 2 ndipo asimame. Msaidizi awe upande wa kulia na amshike kiunoni. Kuvuta ule mkono uliolegea huumiza bega.

Msimu wa kaskazi jasho ni jingi, na kama anameza dawa ya presha ya kukojoza, maji mwilini hupungua upesi. Andikeni vipimo pamoja na saa alizomeza vidonge, mumpelekee daktari. Msiache dawa wenyewe. Kabla ya zoezi presha ikiwa imevuka 180/110, siku hiyo apumzike na daktari aarifiwe.

Giza likimjia, mlazeni na mwinue miguu. Msimpe maji akiwa amelala, atapaliwa. Akilala na bado ulimi ni mzito kuliko kawaida, mdomo umepinda zaidi au udhaifu umeongezeka, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.