Barua kwa mwanangu: Cherehani yangu ya mwaka 1974

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Magoti ni yale yale, na mvua ya juzi imeingia jikoni pale unapopajua.

Unauliza kama ni vibaya kuacha ibada yetu ya kitabu cha sala ukafuatana na hao wanaokesha kila Ijumaa huko Dar, wanaoomba kwa sauti hadi alfajiri. Kelele hazinitishi. Sisi wa Muheza tumelelewa na UMCA, wamisionari wa Kianglikana, kwa kengele na ubani wa misheni yao ya Magila. Padri anaimba, tunaitikia. Uamsho wa walokole ulikuwa habari ya mbali: ulianzia Gahini kule Rwanda, ukaja ukaingia Bukoba. Tulisikia tu kwamba mlokole husimama mbele za watu akataja dhambi zake moja moja. Bibi yako alisema hao hawana haya.

Basi mwaka 1974 baba yako akaenda Dar kumsikiliza Edmund John, ndugu yake Askofu Mkuu Sepeku, aliyekuwa akiombea wagonjwa. Alikwenda kwa ajili ya mgongo. Mgongo alirudi nao vile vile. Ila usiku ule hakulala, na asubuhi alitoa daftari lake chini ya godoro.

Unajua alikuwa karani wa mahudhurio kwenye shamba la mkonge. Usichokijua ni kwamba alikuwa akikata siku za watu, wanagawana na mnyapara. Majina kumi na tisa. Aliyaandika upya kwa kalamu ya risasi, akaweka hesabu pembeni. Kisha akauza cherehani yangu.

Hakuniuliza! Nilirudi kutoka kisimani nikakuta alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, na kijiuzi chekundu. Ile cherehani niliinunua kwa hela yangu ya kushona sare. Haya, robo tatu ilikuwa yangu. Robo aliongeza yeye, na sasa najua aliitoa wapi. Lakini robo si yote, ndivyo nilivyomwambia, na hata leo nitamwambia kaburini.

Alikwenda nyumba kwa nyumba akirudisha hela za watu. Wengine walimtukana. Mzee mmoja alihesabu fedha zake mara mbili, akanyamaza, na Jumapili akatuletea kikapu cha machungwa. Tuliyala tumekaa kizingitini, juisi inatiririka hadi viwikoni, baba yako akacheka kama mtoto. Sijawahi kula machungwa matamu kama yale, nami nilikuwa bado sisemi naye. Kazi aliipoteza mwezi uliofuata.

Ndiyo maana nasema kila siku, mnanicheka: uamsho utazame kwa kilichorudi kwa mwenyewe. Si machozi, si kuanguka. Ingawa baba yako naye alilia sana, siwezi kusema machozi si kitu. Na wapo waliosali kimya kitabuni miaka arobaini bila kurudisha hata sufuria ya jirani. Nami ni mmoja wao, sufuria ya mama wa nyumba ya pili ninayo hapa.

Kwa hiyo uende au usiende, mimi sisemi. Ninalo la kusema, nalimeza.

Dada yako anakusalimu. Ile hela ya kodi uliyomkopa tangu Pasaka bado anaingojea.

Mama yako,
Tanga