Maswali ya Wasomaji: Namba za vifungu katika ripoti za ving'ora vya moto

SWALI: Ndugu Mshauri, ninafanya kazi katika kampuni inayofunga na kuhudumia ving'ora vya moto hapa Dar es Salaam, na mimi ndiye ninayeandika ripoti za ukaguzi, kuanzia maghala ya Barabara ya Nyerere hadi maofisi ya Posta. Kila kasoro ninayoiandika sharti iambatane na namba ya kifungu cha kiwango kinachohusika. Siku hizi huipa programu ya akili unde ripoti nzima na kuiuliza kama namba hizo ni sahihi. Hujibu upesi na kwa uhakika, lakini juzi ilinithibitishia kifungu ambacho mhandisi wa mteja alikikataa mbele ya wakubwa wangu. Je, niiache kabisa, au ipo namna ya kuitumia bila kujidhuru?
Fundi, Tabata

JIBU: Usiiache, bali ibadilishie kazi. Tatizo limo katika swali unaloiuliza. Programu hizi hutunga jibu kwa kukadiria maneno yanayoelekea kufuatana, kutokana na maandishi mengi mno ambayo zimefunzwa nayo. Hazifungui kitabu cha kiwango na kusoma ukurasa, isipokuwa umeziwekea ukurasa huo mbele yake au zimeunganishwa na mahali ulipohifadhiwa. Namba ya kifungu ni rahisi sana kubuniwa, kwa kuwa 14.4.3.2 na 14.4.2.3 zinafanana sura na hakuna msomaji anayeshtuka akiona moja mahali pa nyingine. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho jijini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hati iliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT. Linalokuhusu zaidi ni kwamba mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyohiyo kama kesi mojawapo ni ya kweli, nayo ikamjibu kuwa ni ya kweli. Hivyo ndivyo unavyofanya unapoipa ripoti na kuiuliza kama vifungu ni sahihi: unamwomba shahidi athibitishe ushahidi wake mwenyewe.

Katika fani yetu hatari hiyo inaongezeka kwa sababu ya matoleo. NFPA 72, kiwango cha Marekani cha ving'ora vya moto, hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu, na matoleo ya karibuni ni ya 2016, 2019, 2022 na 2025. Katika toleo la 2007, ukaguzi, majaribio na matengenezo vilikuwa katika Sura ya 10. Tangu toleo la 2010 mambo hayo yamo katika Sura ya 14, na Sura ya 10 ikawa ya misingi ya mifumo. Fomu ya ukaguzi iliyoandaliwa zamani na kurithishwa kutoka fundi hadi fundi inaweza kuwa bado inataja 10.4 kwa majaribio ya vitambuzi, yaani vifaa vinavyogundua moshi au joto, na kifungu cha namba hiyo kipo hata katika kitabu kipya, ila kinazungumzia jambo jingine kabisa. Programu iliyofunzwa kwa maandishi ya miaka yote hiyo yakiwa yamechanganyika inaweza kukukubalia bila kusita. Upande wa Uingereza mambo si tofauti: BS 5839-1, kiwango chao cha ving'ora vya moto, ilikuwa na toleo la 2013, likafuata la 2017, na sasa lipo la 2025. Rejeo lisilotaja mwaka wa toleo, kwa maoni yangu, si rejeo, na ningependa kila ripoti itakayotoka mikononi mwako itamke mwaka huo katika ukurasa wa kwanza.

Kisha kuna mchanganyiko ambao mafundi wa Dar es Salaam wanaufahamu vizuri. Jengo moja linaweza kuwa na paneli, yaani kisanduku cha kuendeshea mfumo, iliyothibitishwa kwa viwango vya Ulaya vya EN 54, michoro iliyofuata utaratibu wa Uingereza, na mwenye jengo anayedai ripoti ya NFPA kwa sababu kampuni mama yake iko ng'ambo. Mwandishi akichovya huku na huku, namba zinahama kutoka kiwango kimoja kwenda kingine. Mfano mzuri ni sauti ya king'ora. Desibeli 65 ni kipimo cha jumla cha BS 5839-1. NFPA 72, kwa maeneo ya kawaida ya umma, hudai sauti izidi wastani wa kelele za mahali hapo kwa desibeli 15, au izidi kelele ya juu kabisa inayodumu sekunde 60 kwa desibeli 5, kutegemea ipi ni kubwa. Ukiandika kwamba korido ya ofisi imeshindwa kufikia desibeli 65 kwa mujibu wa NFPA 72, umetoa kasoro isiyo na kifungu. Chumbani kwa mtu aliyelala viwango vyote viwili hutaja desibeli 75, kwa hiyo hapo kosa la kuchanganya linajificha, kwani tarakimu inakubali hata kama kitabu siyo chenyewe. Betri nazo hutega vivyo hivyo: pande zote mbili utakutana na saa 24 za kusubiri umeme ukiwa umekatika, lakini baada ya hapo NFPA 72 hutaka dakika 5 za mlio kwa mfumo wa kawaida, na dakika 15 kwa mfumo wa matangazo ya sauti, ilhali BS 5839-1 hutaka dakika 30 kwa mifumo mingi ya kulinda maisha.

Jambo la tatu ni uzito wa maneno. NFPA 72 huandikwa kwa lugha ya amri, lakini Kiambatisho A chake, ambacho vifungu vyake huanza na herufi A, ni maelezo tu wala si sehemu ya masharti. BS 5839-1, kwa upande wake, ni mwongozo wa utendaji unaotoa mapendekezo, na unaruhusu tofauti zilizokubaliwa na kuandikwa. Programu ya akili unde ikifupisha maandishi haya hupenda kugeuza pendekezo kuwa sharti. Mteja anayeambiwa "ni lazima" mahali ambapo kiwango kinasema "inapendekezwa" ana haki ya kukukatalia, na hatari yake ni kwamba baada ya hapo hataiamini hata kasoro yako ya kweli kuhusu kitambuzi kilichokufa.

Sasa nije kwenye namna ya kufanya. Kabla hujafungua programu yoyote, amua kiwango na toleo linalotawala jengo hilo. Hilo haliwezi kujibiwa na mashine, kwa kuwa jibu limo katika michoro iliyoidhinishwa, katika mkataba wa huduma, na katika masharti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo kwa Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ndilo lenye mamlaka ya kukagua majengo kuhusu moto. Ukiwa na shaka, muulize ofisa wa jeshi hilo kwa maandishi, na jibu lake ulihifadhi pamoja na faili la jengo.

Baada ya hapo, iombe programu ikutolee kila rejeo lililomo katika ripoti, pamoja na sentensi inayolitegemea na ukurasa ilipo, bila kutoa hukumu yoyote. Kazi hii inaiweza vizuri, na ripoti ya kurasa 60 inaweza kupangika katika jedwali moja kwa dakika chache. Hata hivyo, tafuta mwenyewe maneno NFPA na BS katika faili la ripoti ulinganishe idadi, kwa maana programu inaweza kuruka rejeo lililofichika ndani ya jedwali au chini ya picha. Halafu fungua kitabu. NFPA, shirika la Marekani linalotoa NFPA 72, huruhusu viwango vyake visomwe bure katika tovuti yake kwa anayejisajili, ingawa si kwa kunakili wala kuchapa; vya Uingereza hununuliwa, na kampuni inayoishi kwa kazi hii haina udhuru wa kutokuwa na nakala. Usipakie kitabu kizima katika programu ya watu wengine, kwa kuwa leseni ya ununuzi kwa kawaida haikupi ruhusa hiyo. Andika kwa maneno yako, kando ya kila rejeo, kifungu kinasema nini: kifaa gani, kipimo gani, muda gani, na kama ni amri au pendekezo.

Hapo ndipo akili unde inapokufaa kwa mara ya pili. Ipe sentensi ya ripoti na maelezo yako ya kifungu, iulize vinapotofautiana, na iagize iseme wazi kwamba jambo halimo endapo halimo katika ulichoipa. Mimi hupendekeza pia kupenyeza rejeo moja la uongo kwa makusudi katika nakala ya majaribio. Programu isipolikamata, umeshajua kiasi cha kuiamini siku hiyo. Jina litakalowekwa chini ya ripoti ni lako, na atakayeulizwa baada ya moto ni wewe.

Tahadhari nyingine moja. Ripoti ya ukaguzi hueleza ni wapi jengo limedhoofika: ghorofa isiyosikia mlio, paneli iliyozimwa, namba ya siri ya kuingia katika mfumo, simu za walinzi. Viondoe vyote kabla ya kupakia chochote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa majina na namba za simu. Ramani ya udhaifu wa jengo inagusa maisha ya watu, na hiyo inanisumbua zaidi.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa jengo la makazi Upanga. Nimeletewa ripoti yenye namba nyingi za vifungu nisizozielewa. Naweza kuiuliza akili unde kama mkandarasi ananidanganya?
Msimamizi, Upanga

JIBU: Muulize mkandarasi kwanza. Taja kasoro tatu zenye gharama kubwa kuliko nyingine, umwombe akuonyeshe kifungu chenyewe katika kitabu, pamoja na mwaka wa toleo. Fundi mwaminifu hatakasirika. Akili unde inaweza kukueleza kwa lugha nyepesi maana ya maneno ya kitaalamu, lakini isiwe mwamuzi kati yenu. Dai pia orodha ya kila kitambuzi, kila king'ora na kila kitufe cha kuvunja kioo, mahali kilipo, tarehe kilipojaribiwa na matokeo yake. Ikiwa jengo lako linahudumiwa kwa utaratibu wa BS 5839-1, ziara za fundi ziwe takriban kila miezi sita, na vifaa vyote viwe vimejaribiwa ndani ya miezi 12. Ripoti yenye vifungu sahihi lakini isiyo na orodha hiyo irudishe, usiisaini.