Chachu ya zabibu kavu katika joto la Ujiji

Chupa ya kwanza niliimwaga. Ya pili ilijimwaga yenyewe: nilikaza mfuniko, nikaenda zangu soko la Mwanga, narudi nakuta mfuniko uko chini ya meza na maji ya zabibu yanachuruzika ukutani. Ya tatu ndiyo niliyo nayo mpaka leo, na mkate wa nyumbani kwetu unaumuka bila hamira ya dukani. Naandika kwa anayetaka kujaribu, hasa aliye huku ziwani au popote penye joto kama letu. Maelekezo mengi niliyoanza nayo yalikuwa ya watu wa nchi za baridi, na saa zao si saa zetu.

Kosa la chupa ya kwanza lilikuwa zabibu zenyewe. Nilichukua zile za rangi ya dhahabu kwa sababu zilipendeza. Siku sita nzima, maji matamu tu, povu hakuna. Siku ya saba ukungu wa kijani. Zile za dhahabu kwa kawaida hutiwa salfa ili rangi isiharibike, na salfa hiyohiyo huizima hamira ya asili inayokaa kwenye ganda la tunda, ambayo ndiyo tunayoitafuta. Nunua nyeusi za kawaida, hizi za kutia kwenye pilau. Zifikiche vidoleni: zikikuachia mafuta, zimepakwa ili zisigandane, tafuta nyingine. Tende pia zinafaa. Zikibaki za Ramadhani mimi huchukua nne au tano, natoa kokwa, mradi zisiwe zimepakwa shira.

Maji ya bomba yana dawa, kwa hiyo chemsha na uache yapoe kabisa. Yakiwa ya moto unaiua hamira kabla haijaamka. Zabibu konzi moja, kama gramu 50, kwa maji gramu 200, ndani ya chupa ya jamu iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Acha nafasi juu. Mfuniko uweke bila kuukaza; asubuhi na jioni kaza, tikisa, legeza tena. Usione uvivu kutikisa, maana zabibu zinazoelea zikikauka mgongo, ukungu unaanzia hapo.

Wenzetu huambiwa wasubiri siku tano mpaka saba. Kwangu, mwezi wa tisa, mvua hazijaanza na ukuta wa jikoni una joto hata usiku, siku ya tatu zabibu zilikuwa zimevimba kama kunde zilizolowekwa. Siku ya nne zote zilikuwa juu, vipovu vinapanda pembeni ya kioo, na nilipofungua ikalia chii kama soda.

Mama mkwe alipita, akainusa.

"Mwanangu, umeanza kupika pombe humu ndani?"

Hakukosea sana. Hamira ikila sukari hutoa gesi na kileo kidogo. Ndiyo maana siiachi ikae: mapovu yakishatosha, siku hiyohiyo nachuja na kutia unga. Nilimweleza, akaitikia "haya" ile ya mtu ambaye hajakubali.

Baada ya kuchuja, chukua maji hayo gramu 50 na unga wa ngano gramu 50, koroga, funika. (Mara ya kwanza nilitumia ata, unga wa ngano usiokobolewa, ikachangamka haraka kuliko unga mweupe.) Kesho yake bakiza gramu 50 za mchanganyiko huo, tia unga gramu 50 na maji gramu 50. Rudia siku mbili tatu. Visha chupa kampira ka kufungia noti pale unga ulipofikia, uone unapanda kiasi gani. Ukiongezeka mara mbili ndani ya saa nne mpaka sita, na harufu ikawa ya uchachu mzuri kama maziwa mgando, chachu imekomaa. Uchachu huo ni kazi ya bakteria wanaotoa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Ukiona rangi ya waridi, chungwa au kijani, usikwangue juu ukaendelea. Mwaga yote.

Sasa joto. Chachu huku inakula upesi. Nikiilisha asubuhi kwa kipimo sawa kwa sawa, adhuhuri imeshapanda na kushuka, jioni imekuwa maji na inanuka siki. Hiyo ni njaa, haijafa. Dawa ni kuongeza chakula: chachu gramu 20, unga 60, maji 60 yaliyotoka mtungini. Chupa naisimamisha kwenye beseni la maji, kando ya mtungi. Mwenye friji aiweke humo na kuilisha mara moja kwa wiki, ila umeme ukikatika aikumbuke.

Mkate wenyewe: unga gramu 500, maji 325, chachu 100, chumvi 10. Kanda, funika. Mara ya kwanza niliuacha usiku kucha kama nilivyoelekezwa, asubuhi nikakuta uji. Siku hizi nakanda saa mbili asubuhi, saa saba mchana unaingia motoni. Usitazame saa, tazama donge: libonyeze kwa kidole, likirudi polepole liko tayari, likibaki na shimo umechelewa.

Oveni sina. Ninaweka mchanga kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, sufuria ya mkate ndani yake, mfuniko, kisha makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko ya chini. Dakika 45 hivi. Siku moja mafuta yaliisha nikapaka sufuria mawese. Mkate ulitoka na kitako cha rangi ya chungwa, tukaula wote kwa migebuka, samaki wa ziwa letu.

Ile chachu unayopunguza kila unapolisha usimwage. Tia kwenye unga wa chapati za maji, na yai, chumvi na kitunguu kilichokatwa. Mama mkwe alianzia hapo. Juzi kaja na kikombe chake, kaomba vijiko viwili, na kauliza kama lazima zabibu au hata embe lililokaushwa litafaa.

Nimemwambia litafaa, mradi halikutiwa salfa.