Dawa ya miti na ya hospitali: munganga anakataa nini hasa?

Ndugu uliyeuliza kama munganga, yaani daktari wa hospitali, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo anachukia dawa za miti, na kama mama yako mwenye presha anaweza kuzichanganya na vidonge: hawazichukii. Mti wa kinkina unalimwa papa hapa Kivu, na kwinini, dawa ya malaria, hutoka kwenye maganda yake. Ugomvi ni kipimo. Ganda la mti mmoja lina kwinini nyingi, la mwingine kidogo, kutegemea umri wa mti na mahali lilipobanduliwa. Kwenye kidonge miligramu zinajulikana, kwenye sufuria hakuna anayejua. Nayo kwinini ikizidi, masikio yanalia, sukari ya damu inashuka, mapigo ya moyo yanavurugika.

Chai ya artemisia, mmea ambao watu huunywa kwa malaria, ndiyo yenye ubishi mkubwa. Wanaoitetea humtaja Tu Youyou, Mchina aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, dawa ya malaria iliyomo kwenye mmea huo. Sawa, lakini waangalie alichofanya: joto liliharibu dawa, akafaulu alipoikamua kwa etha, kimiminika cha maabara, bila kuichemsha. Tena artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Chai inaweza kupunguza homa huku vimelea vimebaki damuni, na dozi pungufu ndiyo inayofanya vimelea viwe sugu kwa dawa. Ndiyo maana OMS, Shirika la Afya Duniani, haiikubali kwa malaria, na munganga anasisitiza umalize vidonge vya siku 3 hata homa ikishuka siku ya kwanza.

Lavema ya majani kwa mtoto, yaani kumwingizia maji ya dawa kwa njia ya haja kubwa, hapo hata mimi sina upole. Utumbo unafyonza sumu haraka, mtoto anayeharisha anazidi kukauka, figo zinazima. Mkojo ukikatika, au akipumua haraka na kulala usingizi usio wa kawaida, usingoje kesho. Majani ya kuharakisha uchungu nayo ni hivyo hivyo: mji wa mimba unakaza bila kupumzika, na kwa mama aliyewahi kupasuliwa unaweza kuchanika.

Waunga mifupa ni habari nyingine. Madaktari wengi wangeweza kufanya nao kazi, mradi radio, yaani picha ya mfupa, itangulie na vijiti visikazwe mno. Bonyeza ukucha wa mkono uliofungwa: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikiuma sana ukivinyoosha, legeza palepale kisha kimbia hospitali. Msuli uliokosa damu kwa saa 6 huanza kufa. Mfupa uliotoboa ngozi usipelekwe kwao kabisa.

Kwa mama yako: asiache vidonge ili ajaribu majani. Akienda kliniki abebe mmea wenyewe, jani pamoja na ganda, aseme konzi ngapi kwa lita ngapi, na alikunywa mwisho lini. Kama atafanyiwa upasuaji, aache dawa za miti wiki 2 kabla, kwa sababu baadhi yake, kama vitunguu saumu vingi, huchelewesha damu kuganda. Daktari akimfokea kwa kuonyesha majani, tafuteni mwingine. Kufoka huko ndiko kunakofanya wagonjwa wafiche.