Maswali ya Sataranji: Mnaomhukumu Ding Liren kwa hatua moja

*Huyu Ding si bingwa wa ile chesi ya Kichina?*

Hapana. Hiyo ni xiangqi: kete zinakaa kwenye makutano ya mistari, na katikati ya ubao kuna mto. Ding, Mchina aliyekuwa bingwa wa dunia 2023 hadi 2024, anacheza sataranji ya miraba 64. Swali hili linarudi kila mwezi. Na drafti nayo si sataranji, kabla hamjauliza.

*Ubingwa wa 2023 si wa mezani tu, maana Carlsen hakucheza?*

Carlsen, bingwa aliyemtangulia, alikataa mwenyewe kutetea taji. Hakuna aliyemfungia mlango. Ding alipitia njia ngumu kuliko wengi. Safari zilikwama kwa sababu ya korona. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ilipomfungia Mrusi Karjakin mwaka 2022, nafasi yake kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa ilimwangukia mwenye pointi nyingi zaidi kati ya waliokosa kufuzu. Huyo alikuwa Ding, ila sharti lilikuwa michezo 30 ya muda mrefu ndani ya mwaka, naye alikuwa nayo 4. China ikaandaa mashindano haraka, akacheza 28 katika takriban mwezi mmoja. Kwenye mashindano hayo, Madrid, akamaliza wa pili nyuma ya Mrusi Nepomniachtchi, baada ya kumfunga Nakamura raundi ya mwisho. Angemaliza wa tatu, Astana, kwenye mechi ya ubingwa dhidi ya Nepomniachtchi, asingefika.

Huko Astana alitanguliwa mara tatu, akasawazisha mara tatu: mchezo wa 4, wa 6 na wa 12. Ikawa 7–7. Ikaja michezo ya kasi ya kumpata mshindi. Katika mchezo wa nne, akiwa na nyeusi na dakika chache tu kwenye saa, mfalme wake alitishwa na malkia. Njia nyepesi ilikuwa kumsogeza, hatua zijirudie, iwe sare. Badala yake aliweka ngome mraba wa g6, akaifunga mwenyewe mbele ya mfalme isiweze kusogea, akaendelea kutafuta ushindi. Akaupata. Mwenye kuuita huo ubingwa wa mezani aucheze kwanza ubaoni.

*Alilipwa kiasi gani?*

Euro milioni 1.1 kati ya milioni 2. Kwa kanuni za 2023, mechi ikiamuliwa kwa michezo ya kasi, mgao ulikuwa 55 kwa 45.

*Mchezo wa 14 Singapore, 2024: grandmasta mzima anakoseaje vile?*

Ndio mchezo wa mwisho wa mechi ambamo Ding alitetea taji dhidi ya Gukesh wa India. Toeni ubao, acheni vipande vya video. Ding ana nyeupe: ngome, askofu, askari mmoja. Gukesh ana ngome, askofu, askari wawili. Maaskofu wote wako miraba myeupe. Ngome zikibaki, nyeupe inajitetea. Tatizo ni askofu wa Ding kujificha pembeni, a8, penye mstari mmoja tu wa kutokea.

Hatua ya 55 Ding anapeleka ngome f2, abadilishane. Gukesh anaila, mfalme anairudishia, kisha askofu mweusi anatua d5. Sasa askofu wa a8 aende wapi? b7 na c6 ziko kwenye mstari ule ule; popote atakapokwenda analiwa. Lazima wabadilishane, na wafalme na askari peke yao, wawili wanamshinda mmoja. Hatua ya 58 Ding akasalimu amri, taji likaenda kwa Gukesh: 7.5–6.5.

Kosa la aliyechoka, aliyekuwa akikimbilia sare mechi nzima. Hapo mlaumuni. Ila msimwite dhaifu: kati ya 2017 na 2018 alicheza michezo 100 ya muda mrefu bila kupoteza. Nanyi mnaotazama kipimo cha kompyuta, kinachoonyesha nani yuko mbele, kikiporomoka mkacheka, kizimeni, muitafute d5 wenyewe.

*Mwanangu ana miaka sita. Nimnunulie programu gani?*

Usinunue. Mpe ubao na mtu wa kucheza naye. Ding alianza akiwa na miaka minne Wenzhou, mji uliomtoa pia Zhu Chen, bingwa wa zamani wa dunia wa wanawake, na bado alisomea sheria Chuo Kikuu cha Peking. Shule usiikatize.

*Ndiye Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia?*

Kwa wanaume. Xie Jun alitwaa taji la wanawake mwaka 1991, kabla Ding hajazaliwa.