Kukimbia kwenye baridi kali: namba zipi za saa ya GPS uziamini

Wanaoanza kukimbia majira ya baridi huuliza kwanza kuhusu nguo. Ni swali la maana na nitaligusa, ila kuna jingine ambalo halipewi uzito wake: utajuaje mwendo wako na hali ya mwili wako pale saa uliyoizoea miezi ya joto inapoanza kukupa namba za ajabu? Baada ya misimu kadhaa ya kukimbia kwenye theluji na upepo, msimamo wangu ni huu. Kwenye baridi, iachie saa kazi ya kupima muda. Kazi ya kuamua uende kasi gani, na lini urudi nyumbani, ishike mwenyewe.

Nianze na mapigo ya moyo, maana hapo ndipo watu wanapopotoshwa zaidi. Saa ya mkononi haiusikii moyo wako. Mgongoni mwake kuna vitaa vya kijani vinavyomulika ngozi, na kitambuzi kinachosoma jinsi mwanga huo unavyorudi kila damu inapopita kwenye mishipa midogo. Sasa baridi ikikupiga, mwili hubana mishipa ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni, kwenye viungo vinavyokuweka hai. Pale kwenye kifundo cha mkono damu ya kusomwa inakuwa haba. Saa ikikosa mpigo ulio wazi hudaka mdundo wowote ulio karibu, na mdundo wa karibu kuliko yote ni hatua zako.

Hili hunitokea mara kwa mara dakika za mwanzo. Naenda taratibu, napumua kwa pua, ningeweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatisha, na saa inaandika 174. Nikibonyeza kwenda ukurasa wa pili kuangalia hatua kwa dakika, nakuta 174 vilevile, au 173. Basi saa inahesabu miguu na kuiita moyo. Mkono ukishapata joto, namba inaporomoka ghafla hadi 130 na ushei bila mimi kubadili mwendo hata kidogo. Anayefanya mazoezi kwa kufuata kanda za mapigo ya moyo, yaani viwango vya mapigo alivyopangiwa, dakika hizo za mwanzo zitamfanya apunguze kasi bure, na wastani wa siku nzima utakuwa umeharibika.

Njia za kupunguza tatizo zipo. Pandisha saa juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, penye nyama, kaza mkanda kuliko kawaida, kisha uifunike na mkono wa fulana. Pasha mwili moto ndani ya nyumba kwanza: ruka ruka, panda na kushuka ngazi, mpaka vidole viwe na joto. Na kama mapigo ya moyo ni muhimu kweli kwenye programu yako, nunua mkanda wa kifuani. Huo husoma umeme wa moyo wenyewe, na kifua hakipoi kama mikono. Lowesha sehemu zake zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa, kwa kuwa jasho huchelewa siku za baridi na sehemu kavu hazisomi vizuri.

Kuhusu GPS yenyewe, yaani mfumo wa setilaiti unaoiambia saa mahali ulipo, baridi haina kosa. Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu na hazijali kama kwako kuna theluji. Kinachosumbua ni haraka yetu. Ili ijue ilipo, saa inahitaji kusikia setilaiti 4 kwa wakati mmoja: 3 za kupata mahali na 1 zaidi ya kusahihisha muda, kwa sababu kosa la sehemu 1 ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Kila setilaiti hutangaza taarifa za njia yake na kuzirudia kila sekunde 30. Ukitoka mlangoni na kubonyeza palepale bila kusubiri, saa inaanza kukisia, na ndiyo maana ramani ya kilomita ya kwanza huonyesha umepita juu ya mapaa ya watu.

Kusimama nje ukitetemeka ukingoja setilaiti si jibu pia. Unganisha saa na simu kabla ya kutoka. Saa nyingi za siku hizi huchukua kwa njia hiyo makadirio ya setilaiti zitakapokuwa, na zikishayapata hushika mawimbi ndani ya sekunde chache. Washa ukurasa wa kukimbia, iweke saa nje ya dirisha au kizingitini wakati unafunga kamba za viatu. Kama saa yako inapokea pia mifumo mingine, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China, iwashe unapokimbia katikati ya majengo marefu, ambako mawimbi hugonga kuta na kufika yamechelewa. Itakula betri zaidi, hilo ulijue.

Betri nayo ina tabia yake. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kazi ya kikemia inayopungua kasi kadiri baridi inavyozidi, kwa hiyo unaweza kuona asilimia ikishuka haraka, hata saa ikazimika, kisha ikafufuka na chaji yake ukirudi ndani. Joto la ngozi huilinda saa iliyo chini ya nguo. Simu iko hatarini zaidi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani huenda ndiyo utakayohitaji kupiga ukiteleza na kuumia.

Namba ninayoipuuza kabisa wakati wa baridi ni mwendo wa papo hapo, ule unaobadilika kila ukitazama. Hata kwenye anga safi saa hukosea mita chache, na mita chache ndani ya sekunde chache zinatosha kukuonyesha unapaa au unatambaa. Ongeza theluji inayokula kila msukumo wa mguu, ongeza upepo wa usoni, na namba hiyo haina tena la kukuambia kuhusu juhudi zako. Tazama Boston Marathon ya mwaka 2018, iliyokimbiwa kwenye mvua ya baridi na upepo wa mbele. Geoffrey Kirui wa Kenya alikuwa ameshinda mbio hizo mwaka 2017 kwa saa 2:09:37. Mwaka uliofuata, njia ileile, alimaliza kwa 2:18:23, na bado akawa wa pili nyuma ya Yuki Kawauchi wa Japani aliyeshinda kwa 2:15:58. Karibu dakika 9 zimepotea, na bado nafasi ni ya pili. Kama bingwa huchelewa hivyo kwa sababu ya hali ya hewa, mimi na wewe tuna sababu gani ya kulazimisha miguu ifikie mwendo wa kiangazi juu ya barafu? Huko ndiko misuli ya nyuma ya paja inakokatikia.

Kwa hiyo kimbia kwa dakika. Badala ya kilomita 10, panga dakika 60. Nimeweka saa yangu itetemeke kila dakika 15, na kwa kuwa iko chini ya nguo siitazami kabisa; ikitetemeka najua nilipo. Funga skrini ya kugusa pia utumie vitufe, maana glavu haziigusi vizuri na kitambaa kilicholowa huibonyeza chenyewe. Anza ukielekea upepo unakotoka, ili urudi nao mgongoni. Ukifanya kinyume, utatoka jasho kwenda, halafu upepo utakukuta umelowa wakati wa kurudi, na hapo ndipo baridi inapokuwa ya hatari. Nyuzi 10 chini ya sifuri zenye upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huzihisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kila saa inapotetemeka, kagua mwili. Gusanisha kidole gumba na kila kidole kingine. Vikishindwa kugusana, au ganzi ikiingia masikioni, puani au mashavuni, safari imekwisha. Geuza kwa njia fupi. Hapa niseme jambo ambalo maelekezo mengi huliruka. Huandikwa kwamba ngozi inayoganda hugeuka nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huwa mgumu kuuona. Mara nyingi ni kijivu kilichofifia tu, na gizani huoni chochote. Usisubiri rangi. Amini mguso: ngozi iliyokuwa inauma kisha maumivu yakaisha bila kupata joto, au inayohisi ngumu na ya nta, imeanza kudhurika. Usiisugue, na usiipake theluji kama wanavyodai wengine. Ingia ndani, ipashe kwa maji ya vuguvugu, na hisia zisiporudi mwone daktari. Mwenzako akianza kutamka maneno kwa uzito, kujikwaa na kutetemeka bila kukoma, joto la mwili wake linashuka. Hiyo ni dharura.

Nguo, kwa kifupi: vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi 10, ili dakika za kwanza uhisi ubaridi kidogo. Ndani vaa sufu nyepesi au polista, kamwe si pamba, kwani pamba hushika jasho na kukugandisha. Juu weka jaketi la kuzuia upepo. Kitambaa chepesi mdomoni husaidia sana wenye pumu, kwa kuwa hewa baridi na kavu hubana njia za hewa. Kunywa maji hata kama kiu haiji.

Ukirudi, vua vilivyolowa kabla ya kufungua simu kutazama ramani. Saa usiichomeke kwenye chaji papo hapo. Betri ya lithiamu huharibika ikichajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, hivyo iache ipate joto la chumba kwanza. Wakati inangoja, andika kando ya muda wako mambo matatu: nyuzi joto, upepo, na kama njia ilikuwa kavu, theluji au barafu. Mwezi mmoja baadaye, utakapolinganisha dakika 60 za leo na dakika 60 nyingine, maandishi hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama umeimarika.